Bia Iliyofunikwa

Jumanne ya kwanza ya Februari 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ya Yuliana ilipokea video fupi kutoka Isaragana, mji mdogo wa dhahabu mkoani Mara. Aliyeituma alikuwa Twaibu, mwenye kibanda cha kuchajisha simu, kwa sababu Jecinta, mama yake Yuliana, hakujua kutuma video. Chini ya video kulikuwa na ujumbe wa sauti, na hiyo sauti ilikuwa ya Jecinta mwenyewe.

"Yuliana, mwanangu, nimemwona. Nimemwona kaka yako. Ninyi watoto mmenificha kitu gani?"

Yuliana alikuwa amesimama jikoni, Al Nahda, Dubai, katika flati waliyopanga watu wa vyumba vitatu, akisubiri Belinda amalize kuchemsha chai. Belinda alikuwa Mkenya, fundi wa saluni, na chumba chake kilitenganishwa na cha Yuliana kwa ukuta wa jasi ambao haukuzuia hata kikohozi. Yuliana aliegemea friji, akaifungua video.

Ilionyesha baa yenye mwanga hafifu na kuta za mabati yaliyopakwa rangi ya kutu. Mwisho wa kaunta alikaa mwanamume mwenye helmeti ya mchimbaji, uso wote umejaa vumbi jekundu. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilifungwa kitambaa chekundu. Mguu mmoja aliukunja nyuma ya mguu wa kiti. Aligonga kaunta kwa sarafu mara tatu, na sauti ya mwanamke asiyeonekana ikaeleza kwa Kiingereza kwamba huyo ni Deus, mchimbaji wa Afrika, ambaye shimo lilimmeza na bado anarudi kuulizia bia yake. Watu walicheka. Kisha mkono ulitokea nyuma ya kaunta, ukaweka mbele ya yule mtu glasi ya bia iliyofunikwa kisahani.

Yuliana aliirudia. Deus alikuwa kaka yake, na alikuwa ameshuka shimoni mwaka 2015 asipande tena. Aliyekaa kwenye kiti hakumjua. Mkono aliujua: ulikuwa na kovu la kuungua kwenye kidole gumba, na mwenye mkono huo alikuwa amelala chumbani, hatua chache kutoka pale aliposimama.

"Mbona umebadilika rangi?" Belinda aliuliza. "Umeachwa?"

Yuliana alizima moto chini ya chai ya Belinda kana kwamba ni yake, akaingia chumbani.

Elias, mumewe, alikuwa mhudumu wa baa ya hoteli moja Deira. Alirudi alfajiri na kulala mpaka adhuhuri, na Yuliana alikuwa na kawaida ya kuvaa bila kuwasha taa ili asimwamshe. Siku hiyo aliiwasha.

"Huyu ni nani?"

Elias alikodoa macho kwenye simu. "Chacha. Wa stoo. Mtu wa Tarime."

"Sijauliza anaitwaje. Nauliza huyu aliyekaa hapa ni nani."

Elias alikaa kitako kitandani. Alisema ni mchezo tu wa kazini, wageni wanaupenda, ana bahati mbaya kwamba mtu ameurekodi.

"Kitambaa umemfunga wewe?"

"Ndiyo."

"Na mguu?"

"Nilimwonyesha."

"Na jina je? Majina yamekwisha duniani?"

"Nilitaka kusema jingine," Elias alisema. "Halikuja."

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka uliopita hoteli iliibomoa baa yake na kuijenga upya kwa mfano wa baa ya machimbo ya zamani, na meneja wake, Mkenya aitwaye Gibson, aliwakusanya wafanyakazi akawataka stori. Baa ya namna hiyo, alisema, haiwezi kukosa mzimu. Wafilipino walitoa zao, Wanepali zao. Elias, ambaye wakati huo aliosha glasi na hakuwahi kuulizwa lolote, alisimulia habari za Klabu ya Isaragana, na alizisimulia vizuri kwa kuwa alikuwa amefanya kazi kwenye kaunta yake.

Klabu ilijengwa miaka ya thelathini na kampuni ya Waingereza iliyochimba dhahabu mahali hapo. Ilikuwa ya mabati na mbao za mninga, na veranda mbele kwa ajili ya Wazungu. Nyuma palikuwa na dirisha dogo ambako vibarua waliuziwa pombe bila kuingia. Kampuni ilipoondoka iliacha mashimo na Klabu. Wachimbaji wadogo walipoyarudia mashimo yale miaka ya themanini, Klabu tayari ilikuwa na mzimu mmoja, Mzungu wa lifti ya mgodi, aliyesemekana kupita verandani akiuliza saa. Hakupatikana mtu aliyemwona kwa macho yake. Kila msimulizi alikuwa amesimuliwa na mwingine.

Desturi ya kufunika bia ina chanzo kinachojulikana. Frida, mhudumu wa kwanza mwanamke pale Klabu, alichukizwa na nzi. Mchimbaji aliyeitwa zamu kabla ya kumaliza glasi yake aliiacha kwenye kaunta, na Frida aliifunika kwa kisahani mpaka mwenyewe apande. Baada ya miaka michache watu walisahau nzi. Ikawa mwiko kuigusa bia iliyofunikwa, na mwiko kushuka shimoni bila kuacha kitu cha kurudia. Asiyerudi, bia yake ilikaa palepale mpaka mama yake au mkewe aje aimwage mlangoni. Ikishamwagwa amezikwa, hata kama mwili umebaki chini. Isipomwagwa, walisema, mwenyewe huja kugonga kaunta akiidai.

Mwaka 2015 duara moja la Isaragana, yaani shimo la wachimbaji wadogo, liliingia maji na nguzo zake zikakatika. Walioshuka walikuwa wanne. Miili mitatu ilitolewa. Wa Deus haukuonekana, na mwenye duara alipoona pampu ya maji inakula mafuta bure, alisimamisha kazi. Bia ya Deus ilifunikwa na Elias kwa mkono wake. Jecinta, mwanamke wa kanisa ambaye hakuwahi kukanyaga Klabu, alikataa kwenda kuimwaga. Alisema hatamzika mtu kwa pombe, wala hatamzika mtu ambaye hajaonyeshwa maiti yake. Basi watu wakaanza kusikia sarafu ikigonga, na mwenye Klabu, ambaye biashara ilimwendea vizuri kuliko zamani, hakuwakatalia.

Yote hayo Yuliana aliyajua kabla hajaolewa. Asichokijua ni kwamba kwa stori hiyo Elias aliondolewa kwenye sinki la glasi akawekwa kuwa mkubwa wa kaunta, na mshahara wake ukapanda. Mpaka hapo mume na mke walikuwa wakiishi mbalimbali: mume na wanaume sita kule Dubai Investments Park, mke na wanawake wanne hapa Al Nahda. Nyongeza ile ndiyo iliyowapa chumba.

Yuliana alikitazama: kitanda, kabati la plastiki, dirisha linalotazama dirisha la wengine.

"Kumbe hapa tumepangishiwa na Deus," alisema. Alichukua mkoba, akaenda kazini bila chai.

*

Alifanya kazi kwa Bi Kuruthum, mjane wa ukoo wa Unguja uliohamia Dubai zamani. Mchana, bibi alipolala, Yuliana alikaa kwenye ngazi za nyuma na kumpigia mama yake. Simu za WhatsApp hazipiti Dubai. Ilibidi kwanza Twaibu aweke Botim, programu ya simu inayoruhusiwa huko, kwenye simu yake na kuipeleka nyumbani kwa Jecinta kwa miguu.

Alimwambia mama yake moja kwa moja. Huyo si Deus. Ni mtu wamempaka vumbi, anaitwa Chacha, analipwa.

"Nani anajua mwanangu anavyokunja mguu?" Jecinta aliuliza.

"Elias alimfundisha."

"Elias amfundishe mtu mguu wa Deus. Ili iweje?"

Yuliana alifungua mdomo kueleza. Alijaribu kusema kwamba kuna watu hulipa ili wakanywe karibu na maiti, na akasikia jinsi jambo hilo lilivyokosa akili kwa Kiswahili, hapo ngazini, mchana. Upande wa pili wanawake walikuwa wakizungumza. Nyumba ya mama yake ilikuwa imejaa.

Jecinta hakukasirika. Alikwisha kuyapanga yote, na kila kipande kilikaa mahali pake. Mashimo ya Isaragana yanaungana chini kwa chini, tangu wakati wa Wazungu. Deus alitokea upande mwingine. Alikuwa na deni la ugomvi na mwenye duara, akakimbia. Elias alimkuta Dubai, au alimchukua mwenyewe, na wakaapishana kunyamaza. "Mwambie kwamba mwenye duara alishakufa," Jecinta alisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. "Hakuna anayemtafuta. Hata akitaka kurudi na mke wa dini nyingine, arudi."

Kisha alieleza alichokwisha kufanya. Alikuwa amekwenda parokiani kuagiza jina la Deus lisisomwe tena kwenye misa ya marehemu. Alikuwa amenunua godoro. Jumapili kungekuwa na misa ya shukrani, na wanawake wa jumuiya walikuwa wameanza kuleta unga. Alitaka jambo moja tu: kabla ya Jumapili aongee na mwanawe, hata neno moja.

"Mama, sikiliza."

"Wewe unaishi naye mji mmoja," Jecinta alisema. "Mimi naomba sauti tu. Utaninyima sauti?"

Bi Kuruthum alipoamka alimkuta Yuliana anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Alimuuliza ana nini, na Yuliana alimweleza kwa ufupi.

"Mwanangu, uwongo uloletwa na mtu mwingine waweza kuusamehe," bibi alisema. "Ukeshauongeza neno lako, ushakuwa wako. Kamwambie."

"Nimemwambia, bibi. Hasikii."

"Basi hakutaka kusikia. Ataka kuona."

*

Elias hakuona haraka ya kumwambia mtu yeyote kitu chochote. Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alipika wali yeye mwenyewe, na wakati wa kula akatoa wazo alilolifikiria siku mbili. Jecinta alikuwa na presha, alikuwa amedhoofika, na Twaibu alisema tangu Jumanne amekuwa akiimba asubuhi.

"Lini mara ya mwisho ulimsikia mama yako akiimba?"

Yuliana hakukumbuka.

"Chacha aseme neno moja. 'Shikamoo, mama.' Basi. Khalas. Sauti ya simu ni sauti ya simu."

"Na Jumapili nyingine? Na Pasaka? Atamwambia nini akimuuliza anarudi lini?"

"Mpaka Pasaka Mungu atakuwa amepanga."

"Unamaanisha mama atakuwa amekufa."

Elias aliacha kula. Upande wa pili wa ukuta Belinda alipunguza sauti ya redio.

"Unataka umwue mara ya pili mbele ya mama yako," Elias alisema. "Kwa mkono wako."

"Mara ya kwanza hakuzikwa, Elias. Miaka tisa mama anaamka akisikia lango. Sasa amenunua godoro." Aliisogeza sahani. "Nataka vitu viwili. Jina la kaka yangu litoke pale. Na uniingize ndani nikamwonyeshe."

Lilikuwa ombi kubwa kuliko lilivyosikika. Wake za wafanyakazi hawakuruhusiwa kuingia baa, simu zilikatazwa nyuma ya kaunta, na kila kona ilikuwa na kamera. Viza ya Elias ilikuwa ya hoteli, na chumba kilisimama juu ya mshahara huo.

Ijumaa Elias alimfuata Gibson ofisini kabla ya zamu. Gibson alikuwa mtu wa Nakuru, mnene kidogo, mcheshi, ambaye aliwaita wote bosi ili asilazimike kukumbuka majina. Alisikiliza mpaka mwisho, na, tumpe haki yake, hakucheka.

"Pole, bosi. Kwa kweli pole. Kumbe huyo Deus alikuwa mtu?"

"Nilisema alikuwa mtu."

"Ulisema, lakini nani huamini stori ya baa?" Gibson alijikuna shingo. "Sasa skiza. Jina naweza badilisha. Tutamwita Peter. Lakini si wiki hii, menyu zimeprintiwa, na kuna kinywaji kinaitwa Deus. Mwezi ujao, inshallah."

Elias aliuliza kuhusu Yuliana kuingia Jumamosi, kabla ya saa ya kufungua.

"Hapo hapana. Mzimu ukipanguswa vumbi mbele ya simu, na hiyo video ikizunguka vile ile ingine imezunguka, wageni wataona nini? Kijana wa stoo. Sir, ule mkubwa wa hoteli, akiona, mimi na wewe ni airport." Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika bega. "Mpigie mathe simu umwelezee pole pole. Wazee huelewa."

*

Jumamosi saa kumi jioni Elias alimngoja mkewe kwenye mlango wa mizigo, nyuma ya hoteli. Hakuwa amemwambia kama amekubaliwa au amekataliwa, na Yuliana hakuuliza. Alimpa boksi la ndimu alibebe kifuani, aonekane wa kuleta vitu. Mlinzi alitazama ndimu, hakumtazama yeye, akawaharakisha kwa yalla, yalla. Walipanda lifti ya mizigo pamoja na toroli la mashuka machafu.

Yuliana hakuwahi kuingia Klabu ya Isaragana, maana alikuwa binti wa Jecinta. Lakini alikulia karibu nayo, na alilijua kila bati kwa nje. Aliposimama katikati ya baa ya Deira na boksi la ndimu mikononi, aliona kwamba mumewe hakuwaficha wenye hoteli chochote. Veranda ilikuwapo. Mbao nyeusi za kaunta zilikuwapo. Lile dirisha dogo la nyuma, la vibarua, nalo lilikuwapo, na chini yake palibandikwa bei ya chipsi.

Chacha alikuwa amekwisha kupakwa vumbi, kama alivyoombwa. Alisimama alipomwona. Alikuwa mrefu kuliko Deus, jambo ambalo kiti kililificha.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Mimi niliambiwa ni mtu wa hadithi."

"Kaa kama unavyokaa siku zote," Yuliana alimwambia. "Usiseme kitu mpaka nikuambie."

Chacha alikaa, akakunja mguu. Yuliana aliangalia pembeni, kisha akalazimika kuangalia.

Elias alishika simu. Twaibu alipokea upande wa pili, na uso wa Jecinta ukatokea karibu mno, paji la uso na kilemba cheupe. Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Twaibu alimwelekeza asogee nyuma kidogo. Alisogea, akaona.

"Deus," alisema. "Baba."

Chacha aliendelea kukunja mguu kama alivyoagizwa.

Yuliana alikuwa na kitambaa chenye maji mkononi. Alikuwa amekusudia kuanza mara moja, lakini mama yake alikwisha kuanza kuongea, na hakupata mahali pa kumkatiza. Jecinta alimwambia mwanawe kwamba hakuna aliyemkasirikia. Alimweleza nani ameoa na nani amefariki. Viatu vyake vya Krismasi vipo, panya walikula kimoja kidogo kwenye kisigino, fundi anaweza. Ng'ombe yule mwekundu alizaa mara mbili baada ya yeye kuondoka. Alimwomba avue hiyo kofia, maana toka utotoni kichwa chake kinapata joto haraka.

Chacha alivua helmeti.

"Umekonda," Jecinta alisema.

Elias alianza kuishusha simu. Yuliana aliushika mkono wake, akaurudisha juu. Kisha akasimama kando ya Chacha, akamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, na kumfuta. Alianza na paji la uso. Vumbi lilikuwa rangi iliyochanganywa na mafuta, halikutoka kwa urahisi. Ilibidi akunje kitambaa upande safi na kurudia. Alifuta mashavu, pua, kope, kuzunguka mdomo, nyuma ya masikio, bila haraka, kama anayemwogesha mtu. Chacha alifumba macho. Kilichobaki kilikuwa uso wa kijana wa miaka ishirini na minne, mweusi kuliko Deus, wenye kishimo shavuni na makovu madogo ya tetekuwanga.

Mkekani, Isaragana, mwanamke mmoja alisema kitu na kunyamazishwa.

"Fumbua macho," Jecinta alisema.

Chacha alifumbua. Jecinta alimtazama kwa muda mrefu kiasi cha Twaibu kudhani mtandao umekatika. Aliisogeza simu, picha ikatikisika, ikatulia.

"Huyu ni mtoto wa mtu," Jecinta alisema. "Kwenu ni wapi?"

Yuliana alimpa ishara. "Tarime, mama," Chacha alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anajua kazi uliyopewa? Kwamba wamekufanya maiti?"

"Hapana, mama."

"Usimwambie," Jecinta alisema.

Alisema arudishiwe Twaibu simu yake, ingawa ilikuwa mikononi mwa Twaibu wakati wote. Picha ikageuka paa, mbao na bati, na sauti ya watu wakinyanyuka mkekani. Mtu alikata.

Gibson alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Aliwatazama wote watatu, akatazama kitambaa chenye rangi nyekundu mikononi mwa Yuliana, akasema baa inafunguliwa saa kumi na mbili na Chacha apakwe upya.

"Mimi sikai tena hapo, bosi," Chacha alisema. Alichukua boksi la ndimu, akalipeleka stoo, ambako ndiko lilikotakiwa kuwa.

Jioni ile kiti cha mwisho kilikaliwa na Mnepali wa jikoni. Helmeti ilimpwaya. Mgeni mmoja aliuliza kama huyo ndiye Deus, na akajibiwa ndiyo.

*

Jumapili Jecinta alikwenda kanisani. Habari za huko Yuliana alizipata kwa Twaibu, ambaye ni Mwislamu na alisimama nje na pikipiki yake kwa sababu ndiye aliyempeleka. Kabla ya misa Jecinta alimwendea padri sakristia. Padri alipotoka alitangaza kwamba misa ya shukrani iliyoombwa na Jecinta itakuwa misa ya marehemu. Watu waligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mahali pa wenye shukrani, na hakuhama. Jina la Deus lilisomwa. Unga ulioletwa kwa ajili ya sherehe ulipikwa kwa ajili ya msiba, na matanga yalianza siku hiyo hiyo nyumbani kwake, baada ya miaka tisa.

Yuliana alimuuliza Twaibu kama mama yake ameacha ujumbe wowote kwake. Twaibu alisema hapana. Alisema ameambiwa amtumie picha moja tu. Picha ilimwonyesha Jecinta ameketi chini, kichwa kimenyolewa chote, kilemba kimekunjwa magotini. Kwao wafiwa wa damu hunyoa mwili unapotiwa ardhini, na kwa miaka yote tisa Jecinta hakuwa amekubali kunyoa.

Siku hiyo Elias alirudi mapema. Alikuwa ameitwa ofisini. Hakufukuzwa; Gibson alimtetea kwa Sir, na alimweleza hivyo zaidi ya mara moja. Alirudishwa kwenye sinki la glasi na mshahara wake wa zamani, kuanzia mwisho wa mwezi. Chumba wangekaa nacho mpaka hapo, halafu kila mtu na kitanda chake, mume upande wake, mke upande wake. Alimkuta mkewe sebuleni, amekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo mabegani. Belinda alisimama nyuma yake na mashine ya kunyolea ya saluni.

"Zote kabisa?" Belinda aliuliza. "Bi Kuruthum hatashtuka?"

"Nitavaa ushungi. Nyoa."

Belinda alinyoa. Alikuwa na mkono mzuri na alifanya kazi bila maneno, jambo lisilo la kawaida kwake. Nywele zilianguka kwenye magazeti ya matangazo aliyoyatandaza sakafuni. Alipomaliza alimpangusa Yuliana shingoni kwa brashi, na Yuliana alisimama, akakunja magazeti na nywele zake.

Elias alivua kofia. Alikaa kwenye kiti kile, akaliokota taulo, akalitandaza mabegani mwake mwenyewe, na kuinamisha kichwa.

Belinda aliinua mashine, kisha akamtazama Yuliana.

"Kwetu shemeji hanyoi," Yuliana alisema.

Elias hakuinuka. Belinda alingoja kidogo, mashine ikinguruma mkononi. Halafu aliizima, akachomoa waya ukutani.